Usawa wa mtandao: sheria kali, soko huria, au mtumaji alipe? Tulinganishe

Mdadisi

Wadau, kuna ubishi umetushinda kazini, naomba tuumalizie hapa. Kampuni ya intaneti iruhusiwe kupendelea baadhi ya tovuti na app, au data zote zipite sawa? Nionavyo nchi zimeshika njia tatu:

1. Umoja wa Ulaya: hakuna kuzuia, hakuna kubana kasi, hakuna kulipia ili upite mbele. Sheria ya 2015, ilianza kutumika Aprili 2016.
2. Marekani ya sasa, ngazi ya shirikisho: kampuni itangaze inavyofanya, mteja asiyeridhika ahame.
3. Korea Kusini: anayemwaga data nyingi alipie.

Mimi naegemea namba 2. Sioni serikali inajua nini kuhusu kuendesha mitambo. Nipingeni, lakini kwa hoja.

FundiWaya

Mkuu, namba 2 yote imesimama juu ya neno "ahame". Ahamie wapi? Gharama kubwa ya biashara hii ni kuchimba mtaro na kulaza faiba hadi mlangoni kwa mtu. Ukishailaza, kumuongeza mteja mwingine kwenye njia hiyohiyo si kazi kubwa. Anayekuja wa tatu akipiga hesabu anakuta mtaro ni bei ileile, ila wateja watagawanywa kwa tatu. Anaghairi. Ndiyo maana maeneo mengi yana kampuni moja au mbili za intaneti ya waya, basi.

Halafu tusichanganye mambo. Kupanga foleni laini ikijaa si dhambi. Simu ya sauti haivumilii kuchelewa, barua pepe inavumilia, na hata sheria ya Ulaya inaliruhusu hilo, mradi kigezo kiwe mahitaji ya kiufundi na si mfuko wa mtu. Dhambi ni ile ya Comcast, kampuni kubwa ya intaneti Marekani, mwaka 2007. Waliwakatia watu BitTorrent, njia ya watumiaji kugawiana mafaili makubwa wao kwa wao, kwa kutuma ujumbe bandia wa kufunga muunganisho, kana kwamba umetoka kwenye kompyuta ya upande wa pili. Ilijulikana kwa sababu watumiaji walipima wenyewe. Hiyo "kampuni itangaze inavyofanya" ingesaidia nini hapo?

WakiliMsomi

Niongeze kwamba namba 2 haikuchaguliwa na Wamarekani kwa utulivu. Ni matokeo ya kuvutana. Tume yao ya mawasiliano, FCC, ilimkalia kooni Comcast 2008, mahakama ikafuta amri hiyo 2010. Zikaja kanuni mpya, mahakama ikazivunja kwa sehemu kubwa Januari 2014. Mwaka 2015 FCC ikaiingiza intaneti kwenye kundi moja la kisheria na simu, yaani huduma ya mawasiliano, kundi ambalo inaweza kuliwekea masharti makali. Desemba 2017, wakubwa wakiwa wengine, ikaitoa. Aprili 2024 ikairudisha. Tarehe 2 Januari 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita ikaitupilia mbali, ikisema kwa sheria zilizopo intaneti si huduma ya mawasiliano bali ya taarifa. Na kwa kuwa tangu Juni 2024 majaji hawabanwi tena kufuata tafsiri ya taasisi ya serikali kama FCC pale sheria inapokuwa na utata, sasa ni Bunge tu linaloweza kulimaliza.

Ila kuiita Marekani soko huria ni nusu ya ukweli. California ilitunga sheria yake 2018, tena kali, na ilivuka kwenye rufaa 2022. AT&T, kampuni kubwa ya simu na intaneti kule, walikuwa na mpango ambapo kampuni nyingine ililipia data za mteja ili app yake isile bando. Sheria ya California ilipoanza kung'ata, 2021, waliufuta nchi nzima. Mtandao haujui mpaka wa jimbo.

Kasuku

Kanuni zilikufa rasmi Juni 2018 na tuliambiwa intaneti itakatwakatwa vipande. Mbona watu bado wanatazama filamu?

WakiliMsomi

@Kasuku hilo nakupa, maangamizi yaliyotabiriwa hayakuja. Lakini majimbo yalikuwa macho, na kanuni zilikuwa zinaweza kurudi baada ya uchaguzi wowote. Kampuni gani itajenga biashara ya miaka kumi juu ya ruhusa ya miaka minne?

HisaNaFaida

Naona hakuna anayeisemea kampuni, basi niisemee mimi. Mteja analipa ada ileile kila mwezi. Data anazovuta zinaongezeka mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ni video. Upanuzi unadaiwa kwa mwenye waya, faida ya matangazo na usajili inakwenda kwa mwenye video. Korea wamethubutu kusema anayejaza bomba achangie bomba. Kampuni za simu za Ulaya nazo zimekuwa zikiomba hivyohivyo. Kosa liko wapi?

FundiWaya

Kosa liko hapa: Netflix haimtumii mtu filamu ambayo hakuiomba. Mteja wako ndiye aliyebonyeza, na alishakulipa wewe umletee. Upande wake Netflix nayo inalipia njia yake, na inazipa kampuni za intaneti seva bure za kuweka ndani ya mitandao yao ili filamu isisafiri mbali.

Korea yenyewe imeshatupa jibu. Twitch, tovuti ya kurusha michezo ya video mubashara, ilishusha ubora wa video kule 2022, na Februari 2024 ikafunga kabisa. Mkuu wake alisema ada za mtandao zilikuwa mara 10 ya nchi nyingine nyingi. Netflix ilipelekana mahakamani na SK Broadband, kampuni ya intaneti ya huko, hadi wakapatana 2023. Netflix ana ubavu huo. Anayeanza leo hana.

Nikiri udhaifu wa namba 1 pia, maana watu wanaisifia kama dawa ya kila kitu. Mwaka 2013 kuelekea 2014 Netflix ilikuwa inakwamakwama kwa wateja wa Comcast. Hapakuhitajika kugusa data yoyote ndani ya mtandao. Milango ambamo mitandao miwili inaunganishwa iliachwa ijae, huku wakibishana nani aipanue. Februari 2014 Netflix wakakubali kulipa, kasi ikapanda. Sheria inayotazama ndani ya nyumba ya kampuni na kuusahau mlango inakosa nusu ya mchezo.

Mdadisi

Na app zisizokula bando je? Hapo mtumiaji anapewa, hanyang'anywi.

BintiData

Kaka Mdadisi, huko ndiko ujanja ulipo. "Bure" ina thamani pale tu bando likiwa dogo, na anayepanga ukubwa wa bando ni yuleyule anayegawa "bure". Akiwa na video zake mwenyewe ndiyo kabisa. AT&T walipokuwa wanamiliki HBO Max, haikuhesabiwa kwenye kikomo cha data cha wateja wao. Washindani walihesabiwa.

India ililiona mapema. Februari 2016 walipiga marufuku kutoza data bei tofauti kulingana na tovuti, na Free Basics, mpango wa Facebook wa kufungua tovuti chache bila kulipia data, ikafa pale. Ulaya walichelewa. Sheria yao haikulitaja wazi, na vifurushi vya Vodafone na Deutsche Telekom viliendelea kuuzwa, na ni Septemba 2021 ndipo mahakama yao ilipovikataa. Kwa hiyo namba 1 ina daraja zake, na mimi ningechukua ya California, ambayo kampuni kulipia app yake isihesabiwe imekatazwa kwa maandishi.

HisaNaFaida

Sawa, lakini na huduma zinazohitaji njia yake, kama mitambo ya hospitali kwenye 5G? Nazo zipange foleni na video za paka?

WakiliMsomi

Hapana. Ulaya wanaruhusu huduma maalumu zenye ubora wa uhakika, kwa masharti: kuwe na hitaji la kweli la kiufundi, uwezo wa mtandao utoshe bila kuishusha intaneti ya kawaida ya wengine, na isiuzwe kama mbadala wa intaneti. Ugomvi wa sasa uko kwenye sharti hilo la mwisho, kwa sababu kwenye 5G kampuni inaweza kukata kipande cha mtandao na kukiita "maalumu" kwa ajili ya michezo ya video.

Mdadisi

Nimewapata. Nabaki na namba 2 pale tu palipo na kampuni nne au tano zinazogombania mlango mmoja. @FundiWaya, mtu wa kawaida anajuaje kama anabaniwa?

FundiWaya

Pima kasi ya video ileile, saa ileile, bila VPN (app inayoificha kampuni ya intaneti unachovuta) kisha ukiwa na VPN. Ikiwa na VPN inapaa, kuna anayeitambua video na kuibana, au njia ya kawaida kuelekea huko imejaa. Ikiwa zote mbili zinasuasua jioni tu, laini yako imezidiwa na watu. Rudia siku kadhaa kabla hujaandika malalamiko, na uhifadhi picha za vipimo.