Naomba ushauri: grafu za saizi tofauti kwenye matplotlib

Wakuu habari za jioni, nipo Mwanza hapa naandaa ripoti ya joto la maji ya Ghuba ya Mwanza kwa mwaka mzima, natumia Python na matplotlib, maktaba yake ya kuchora grafu. Nataka juu ikae grafu kubwa ya rangi, joto kwa kina na tarehe, chini yake grafu fupi ya mvua, na kulia kagrafu kembamba ka wastani wa joto kwa kina. plt.subplots kavukavu (amri ya kawaida ya kugawa picha kwenye grafu kadhaa) inatoa viboksi vyote sawa kama trei la mayai, nikahamia GridSpec, inayokuachia upange upana na urefu wa kila kiboksi, width_ratios [4, 1] na height_ratios [3, 1], saizi zikakaa poa kabisa.

Shida ni colorbar jamani, ule mstari wa rangi unaoonyesha rangi ipi ni joto gani. Nikiiweka tu inamega upana wa grafu kubwa, basi Desemba ya juu inaangukia kama Oktoba ya mvua chini, sharex (ya grafu kutumia mhimili mmoja wa chini) ipo ila yenyewe inalinganisha tarehe, sio upana. Nikiweka layout='constrained', matplotlib ijipangie nafasi yenyewe, zinalingana kweli, ila colorbar inajibana katikati ya grafu kubwa na kale kembamba, panakuwa pabaya.

Je, niipe colorbar safu wima yake ya tatu kwenye GridSpec niielekeze kwa cax (kigezo cha kuiambia ikae kiboksi kipi), au nihamie subplot_mosaic, ile ya kupanga grafu kwa majina? Mwenye code fupi anirushie tafadhali.