Nimebakiza pepa mbili za CPA (cheti cha uhasibu), mtoto bado ananyonya na kazi ni ya kutwa. Nifanye Mei au nipumzike?

BintiMikanjuni

Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma tu za wenzangu, leo nimekuja na langu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Nina miaka 34, naishi Mikanjuni hapa Tanga. Ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Watoto ninao wawili: wa kiume yuko darasa la tatu, wa kike ana mwaka na miezi minne na bado ananyonya. Baba yao yuko mgodini Kanda ya Ziwa, anakuja kila baada ya miezi mitatu, na akikaa sana ni wiki mbili. Ninakaa na mama mkwe. Ndiye anayebaki na mtoto mchana, maana dada wa kazi aliondoka Agosti na mpaka leo sijapata mwingine wa kumwamini.

Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa hicho cheti, niliianza kabla sijaolewa. Ngazi ya kati nikaimaliza nikiwa na mtoto mmoja. Fainali ni pepa nne, nimeshafaulu mbili, ukaguzi na fedha za kampuni. Matokeo ya Novemba yametoka: hizi mbili zilizobaki, taarifa za fedha na kodi, zote zimegoma.

Kwenye taarifa za fedha najua nilipoangukia. Nilifikia kwa shangazi Dar, nikaenda na mtoto kwa sababu ya ziwa. Usiku wa kuamkia mtihani akashikwa homa, nikakaa naye kifuani mpaka adhana ya alfajiri. Ndani ya chumba cha mtihani nikakutana na hesabu za kundi: kampuni mama imenunua asilimia 80 ya kampuni tanzu katikati ya mwaka. Swali nililolifanya nyumbani si chini ya mara kumi. Nikachukua faida ya mwaka mzima badala ya kuigawa, ya kabla ya ununuzi kivyake na ya baada kivyake. Gudwili, ile ziada ya bei ya kununulia juu ya thamani ya mali za kampuni tanzu, ikatoka kubwa ajabu, nikaiona, lakini nilikuwa nimeshakula karibu saa nzima. Nikakata kurasa mbili kwa kalamu nikaanza upya. Maswali mawili ya mwisho sikuyagusa.

Sasa nyumbani. Mama mkwe ni mtu mwema, Mungu ni shahidi yangu. Lakini nilipomwambia nataka kurudia Mei aliweka chini ungo wa mchele akaniambia, "Mwanangu, hicho cheti ndicho kitakachomnyonyesha huyu mtoto?" Sikuwa na jibu. Siku tatu sasa tunasalimiana tu.

Kusoma kwenyewe ninasoma usiku, kuanzia saa tatu wakishalala. Ukurasa mmoja naurudia mara tatu, na mara nyingi naamka saa saba shingo inauma, kitabu kifuani. Juzi mwanangu alinikuta na daftari akasoma kwa sauti "kampuni mama", akaniuliza, "Mama, na kampuni nayo ina mama yake?" Nikamjibu ndiyo, akaenda zake kulala ameridhika. Mimi nikabaki nalia, hata sijui kwa nini.

Naomba ushauri wenu. Nifanye zote mbili Mei? Nifanye moja? Au nisubiri mpaka mtoto aache ziwa? Naogopa nikipumzika sitarudi.

Mgosi_wa_Pongwe

Pole dada, na hongera. Watu wanaofika hapo ulipofika wakiwa na nyumba mgongoni si wengi.

Mimi ni mkaguzi, nilimaliza baada ya kurudia taarifa za fedha mara mbili. Kwa maelezo yako, somo unalijua. Umekwama kwenye saa. Pepa ni saa tatu kwa alama 100, maana yake kila alama ina dakika moja na sekunde 48. Swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha dakika 36 unaacha mstari ulipofika, unageuza ukurasa, hata kama mizania haijakubali. Alama za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuzipata kuliko alama mbili za mwisho za swali lililokushinda.

Na ukikosea, usifute kurasa mbili. Andika chini yake kwa sentensi moja kwamba faida ilitakiwa kugawanywa kwa miezi sita, rekebisha tarakimu moja, endelea mbele. Msahihishaji anatafuta hatua zako, akiona umeijua njia anakupa chako.

Fanya moja Mei. Ningekushauri taarifa za fedha, kwa sababu bado una hasira nayo.

MamaWatatu_Sahare

Mdogo wangu, nimesoma hapo pa mtoto na homa nikasimama kwanza. Mimi nilifanya pepa nikiwa na kichanga cha miezi mitano, maziwa yanachuruzika kwenye blauzi, nimejifunika mtandio katika joto lile. Kwa hiyo haya nayasema kwa kuyajua.

Usiku acha. Mwili wa mama anayenyonyesha ikifika saa tatu usiku umeshamaliza kazi yake, hapo unajitesa bure. Lala saa tatu na mtoto, amka saa kumi alfajiri. Mimi nilipata saa moja na nusu kila siku, nyingine nusu saa tu kwa sababu mtoto alinusa kwamba nimetoka kitandani. Lakini ile nusu saa ya alfajiri niliyoifanya kwa mkono, na kalamu na saa ya ukutani, ilinifaa kuliko saa tatu za kukodolea kitabu macho. Hata usisome. Chukua pasti pepa, ziko kwenye tovuti ya bodi pamoja na majibu yake, fanya swali moja au robo ya swali, kesho yake linganisha.

La pili, kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hatuombi, tunaona aibu. Likizo yako ya mwaka huu usiitie kwenye harusi ya mtu. Iombe kwa maandishi sasa hivi, mapema, ianze wiki tatu kabla ya mtihani.

La tatu ni mama mkwe. Naomba nikuulize, je, umemuuliza anaogopa nini? Simaanishi ungemjibu nini. Ulimuuliza? Mtu anayebaki na mjukuu kutwa nzima bila kudai shilingi hakuchukii wewe wala elimu yako. Kuna kitu ndani.

Kijana_wa_Kange

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Pumzika. Mama yangu alikuwa anasoma jioni nikiwa mdogo, na ninachokumbuka mimi ni mgongo wake. Mtihani upo Mei na Novemba, kila mwaka. Mtoto wa mwaka na nusu hayupo kila mwaka. Akifika miaka mitatu utasoma ukiwa na amani.

MamaWatatu_Sahare

Kijana, nimekusikia na sikupuuzi. Lakini soma tena alichoandika: anasoma wakishalala. Hao watoto mgongo wake hawauoni. Naye amesema mwenyewe anaogopa akiacha hatarudi. Woga huo mimi ninauamini kuliko hesabu za mtu mwingine yeyote.

Kijana_wa_Kange

Hapo pa wakishalala nilipapita haraka, ni kweli. Dada samahani. Nakuombea.

KodiKwanza

Dada, sikubaliani na Mgosi kwenye jambo moja tu. Fanya moja Mei, sawa, lakini iwe kodi.

Sababu ya kwanza: bajeti inasomwa Juni, Sheria ya Fedha mpya inaanza Julai mosi. Viwango vinabadilika, misamaha inaondolewa, mingine inaingia. Ulichokisoma mwaka jana bado kiko kichwani. Ukikiweka kando ukakirudia Novemba, utakuwa na kazi ya kufuatilia kilichobadilika juu ya kazi ya kukumbuka. Viwango vya IFRS, vile vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha, havigeuki kila Julai. Gudwili utakayoikokotoa Mei ndiyo ileile ya Novemba.

Sababu ya pili: kodi unaifanya kila mwezi na mshahara unalipwa. Tarehe 7 unapeleka PAYE, kodi ya mishahara, na tarehe 20 ritani ya VAT, taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukiandaa hizo, usijaze tu tarakimu ukafunga. Chukua ankara tatu za siku hiyo, jiulize kila moja: hii inatozwa asilimia 18, ni ya kiwango cha sifuri, au imesamehewa? Kwa nini? Kifungu kipi cha Sheria ya VAT ya 2014? Watu wengi wanaanguka hapo, wanaona sifuri na msamaha ni kitu kimoja kwa sababu mteja halipi kodi kote kuwili. Anayeuza kwa kiwango cha sifuri anadai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Aliyesamehewa hadai, inabaki kuwa gharama yake. Mtu anayehangaika na makaratasi ya mizigo kama wewe atalielewa hilo ofisini kwa wiki moja kuliko mwanafunzi darasani kwa miezi miwili.

Nunua daftari dogo la kuingia kwenye mkoba. Kila ankara iliyokusumbua, mistari mitatu. Ikifika Aprili una kitabu chako mwenyewe, na hujamwibia mtoto muda.

Mgosi_wa_Pongwe

KodiKwanza umenishinda, hilo la Julai sikuliwaza. Dada, fuata hilo. Ila zile dakika 36 usiziache.

BabaMgodini

Naomba na mimi nichangie kwa upande wa shemeji. Ninafanya kazi mbali kama yeye. Mke wangu alisoma ualimu nikiwa huku, na mimi nikawa natuma hela nikidhani nimemaliza wajibu. Siku moja akaniambia hela si tatizo, tatizo ni kwamba mtoto wetu mkubwa hana mtu wa kumsikiliza akisoma. Nikaanza kumpigia mtoto kila siku saa moja jioni, ananisomea ukurasa mmoja wa kitabu cha shule kwenye simu. Dakika ishirini. Kwa mke wangu zilikuwa dakika ishirini za kuoga na kukaa kimya. Mwambie shemeji hivyo hivyo, bila kuzunguka. Sisi wa mbali kuna mambo hatuyaoni mpaka tuambiwe. Na likizo yake ya robo mwaka aipange iangukie wiki ya mtihani.

BintiMikanjuni

Ndugu zangu, nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Nilianza na swali la dada wa Sahare. Jumapili mama mkwe alikuwa anachambua mbaazi uani, nikachukua kigoda nikakaa naye, nikachambua na mimi. Kimya kama robo saa. Nikamuuliza, "Mama, kwenye huu mtihani wangu unaogopa nini?" Hakuniangalia. Akasema, "Ukishapata hicho cheti mtahamia Dar. Wote waliopata vyeti mtaa huu wamehamia Dar. Hawa watoto nitawaona kwenye picha."

Wallahi sikuwahi kuwaza hivyo. Miezi yote nilidhani ananiona mama mbaya. Nikamwambia CPA naitaka nikiwa hapahapa, kwamba ofisini kwetu mwenye CPA ndiye anayekaa kwenye kiti cha mkuu wa hesabu, na bandari haihami. Akauliza mara mbili, "Hapahapa Tanga?" Nikamjibu hapahapa.

Kuna kitu sikuwaambia mwanzoni kwa sababu sikukiona kuwa na maana. Mama anakaanga maandazi ya kuuza. Anaamka saa tisa na nusu usiku kila siku ya Mungu, saa kumi jiko limeshawaka. Yaani muda ule dada alionitajia, nyumba hii ina mtu mzima aliye macho. Jana nimeamka saa kumi, nikaweka meza ndogo kwenye korido karibu na mlango wa jikoni. Mtoto alipolia saa kumi na moja kasoro nilianza kuinuka, nikamsikia mama: "Kaa. Andika." Akamchukua akamfunga mgongoni kwa kanga, akaendelea kugeuza maandazi. Nikamaliza swali langu la kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, kwa dakika 41. Najua zinatakiwa 36.

Nimeamua kufanya kodi Mei, peke yake. Taarifa za fedha Novemba. Barua ya likizo nimeiandika leo, kesho naipeleka kwa bosi. Baba watoto nimemwambia la kumpigia mtoto jioni, jana amempigia saa moja na nusu, mtoto amemsomea kurasa mbili akataka ya tatu.

KodiKwanza, nina swali. Daftari nimeshanunua. Ankara ya kwanza tu imenisumbua: mteja mmoja, safari moja, ndani yake kuna malipo yetu ya kutoa mzigo na ada za bandari tulizomlipia sisi kwa niaba yake. VAT tunaitoza juu ya jumla yote au juu ya malipo yetu peke yake?

KodiKwanza

Swali zuri, hilo ndilo linalogombaniwa kwenye ofisi nyingi za bandarini. Kabla sijakujibu niambie: ankara ya ada za bandari imeandikwa jina la nani, lenu au la mteja?