Binti yangu wa shule ya Montessori kafika miaka saba, kabadilika kabisa. Nimhamishe?

Mama wa Nyegezi:

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri kwa mwenye uzoefu, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Binti yangu ana miaka saba na miezi minne. Alianza chekechea ya Montessori, ule mfumo wa mtoto kujichagulia kazi na kujifunza kwa kushika vifaa, akiwa na mitatu, na nilikuwa najivunia kweli. Anatandika mkeka wake, anachukua kazi kwenye rafu, akimaliza anairudisha palepale. Nyumbani alikuwa ananikunjia kanga pindo kwa pindo.

Mwaka huu kapanda darasa la wakubwa, wamechanganywa wa miaka sita hadi tisa, na mtoto niliyemzoea simwoni tena. Begi linatupwa mlangoni. Sare ina wino mpaka kwenye kola. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na pengo lenyewe halimzuii kusema "si haki" kutwa nzima. Mdogo wake kapata mkia wa sato, si haki. Kaka yake kachelewa kulala, si haki. Anashtaki kila mtu. Na maswali! Juzi tuko mezani ananiuliza: mama, kabla Ziwa Victoria halijawa na maji, palikuwa na nini?

Kinachoniumiza zaidi ni madaftari, karibu yote meupe. Mtoto wa jirani, rika lake, kila jioni anarudi na kurasa zenye vema nyekundu. Wangu nikimuuliza leo mmefanya nini: "Tumetandaza mnyororo wa shanga elfu moja mpaka nje ya mlango." Basi.

Baba yake anasema Januari ahamie shule ya kawaida ya mchepuo wa Kiingereza, asije akakutwa na upimaji wa darasa la nne hajui kitu. Mimi niko njia panda.

Mwalimu Mstaafu, Bwiru:

Marahaba mwanangu. Hujapoteza mtoto. Nimefundisha darasa kama hilo miaka kumi na moja, na hayo uliyoandika nimeyasikia kwa wazazi kila Februari.

Maria Montessori, yule daktari wa Italia, aliutazama ukuaji kwa vipindi vya miaka sita sita: kuzaliwa hadi 6, 6 hadi 12, 12 hadi 18, 18 hadi 24. Binti yako kavuka kizingiti cha kwanza, na meno ni mojawapo ya dalili alizozitaja. Mwili unakomaa, magonjwa madogomadogo yanapungua, na ule utaratibu wa kupanga vitu unalegea. Mtoto wa miaka minne anataka kujua kitu kinaitwaje na kinakaa wapi. Wa miaka saba anataka kujua kwa nini, na anataka kujua pamoja na wenzake, si peke yake mkekani.

Kuhusu kushtaki, nakuomba usimfukuze. Mara nyingi haji ili mwenzake achapwe. Anakuuliza: hili ni sawa au si sawa? Ndio umri wa kujijengea kipimo cha haki. Mrudishie swali, "wewe unaonaje?", halafu usikilize mpaka mwisho.

Swali la ziwa limetoka darasani, nina hakika. Kwenye darasa hilo kuna hadithi kubwa tano za kusimuliwa: chanzo cha ulimwengu, uhai, ujio wa binadamu, maandishi, na namba. Montessori aliukuza mpango huo akiwa India, alikokaa kuanzia 1939 hadi 1946 kwa sababu ya vita. Mtoto anapewa kwanza picha nzima ya dunia, kisha yeye mwenyewe anaivamia kwa maswali. Basi mwambie ukweli: ziwa letu liliwahi kukauka, likaanza kujaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita. Uone atakavyokodoa macho.

Mvuvi wa Igombe:

Mwalimu kasema kweli. Wangu ana tisa. Walikuwa wanasoma habari za samaki, yeye na wenzake wawili wakapanga wenyewe kuja mwaloni, tunakoshushia samaki, kuuliza. Kwao hiyo ni sehemu ya masomo, watoto wanatoka nje kutafuta jibu, mtu mzima anawasindikiza tu. Wakamkuta babu mmoja anatengeneza nyavu, akawaambia sangara hakuwa wa ziwa hili, aliletwa na watu miaka ya 1950, na wale samaki wadogo wa asili, furu, wengi wa zamani yeye hawaoni tena.

Mwanangu alikaa siku tatu hana raha. "Baba, furu waliulizwa?" Nilikosa la kusema. Nimevua ziwa hili miaka ishirini na sijawahi kujiuliza hivyo.

Dada wa Igoma:

Mama wa Nyegezi, mimi nakupa upande wa pili, maana nimeumia. Wangu wa kwanza alikuwa shule iliyoandika Montessori getini kwa herufi kubwa. Siku moja nikaingia darasani bila taarifa: shanga zimefungiwa kabatini ndani ya nailoni, watoto wananakili ubaoni. Jina hilo halina mwenyewe, yeyote anaweza kulipachika. Kwa hiyo usihame wala usibaki kwa maneno yetu. Nenda ukae humo asubuhi moja. Uliza mwalimu kasomea umri wa 6 hadi 12 au wa chekechea tu, maana si mafunzo yale yale. Angalia kama wanapata muda mrefu wa kufanya kazi bila kengele kuwakatisha.

Na hofu ya baba si ya kupuuza. Wangu wa pili alikuwa Montessori halisi, darasa la nne alijua mambo mengi ila hakuzoea kujibu kwa saa. Tulianza Julai, kila Jumamosi mtihani mmoja wa zamani, saa mezani. Alifaulu vizuri.

Mama wa Nyegezi:

Asanteni sana. Marahaba yako nimeipokea, Mwalimu.

Jumanne nimekaa darasani, kiti cha nyuma. Binti yangu alikuwa chini na mvulana mdogo kwake, wana vibao vya namba: kijani moja, bluu kumi, nyekundu mia, na kijani tena elfu. Wanatoa 1,578 kwenye 3,204. Mdogo kakwama, hana bluu hata moja. Binti kamwambia, "Nenda benki," yaani kwenye sanduku la vibao. Wakachukua nyekundu moja, wakaibadilisha kwa bluu kumi, kisha bluu moja kwa kijani kumi za moja moja, na baadaye elfu moja kwa nyekundu kumi. Wakapata 1,626. Mimi nilifundishwa "kopa moja jirani" nikakariri tu, sikuwahi kuona hiyo moja inatoka wapi.

Na kazi za kuandika zipo! Wanaandika kwenye makaratasi makubwa, yanatunzwa shuleni kwenye jalada la kila mtoto. Mwalimu kanikabidhi lake nikampelekee baba. Kalisoma usiku, karatasi moja moja, ya ziwa karudia mara mbili. Kakubali abaki hadi darasa la tatu liishe, na Jumamosi za mitihani atasimamia mwenyewe.

Kaka wa Igombe, sasa anataka kuwaona furu.

Mvuvi wa Igombe:

Mlete Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi. Ni giza, mitumbwi ya dagaa inarudi imejaa, na humo furu wachache huwa hawakosekani. Aje na kalamu, babu wa nyavu nitamwambia.