Tupeane uzoefu: pikipiki kubwa za safari ndefu, ipi ilikufikisha salama?

Mpanda Kitonga: Ndugu wanajamvi, jana nilipokuwa nyuma ya malori katika kona za mlima Kitonga walinipita wasafiri wawili, mmoja juu ya BMW R 1250 GS na mwingine juu ya Honda Africa Twin, nami nikakumbuka miaka niliyokuwa nikienda Mbeya kwa Suzuki V-Strom 650. Tangi lake la lita 20 lilinitoa Morogoro hadi Iringa na mafuta yakabaki. Ninyi mmetumia zipi?

Dada wa Makambako: Kaka, mimi ni mfupi, na kimo ndicho kilichoniamulia. Niliwahi kuazima pikipiki yenye uzito unaozidi kilo 250. Barabarani ilitulia hata upepo wa Makambako ulipovuma, lakini niliposimama kwenye changarawe mguu haukufika chini, ikaniangukia, na ilihitaji wanaume watatu kuinyanyua. Tangu hapo ninapanda Royal Enfield Himalayan ya sisi 411 (cc, yaani ukubwa wa injini), ambayo kiti chake kiko sentimita 80 kutoka ardhini. Haina mbio, ila ninaisimamisha mwenyewe popote.

Kijana wa Njombe: Ninaunga mkono, dada. Yamaha Ténéré 700 ninaipenda sana, lakini kiti chake cha sentimita 87 na nusu si cha kila mtu.

Mzee wa Mikese: Wanangu, sitataja kiwanda, kwa sababu kosa lilikuwa langu: sikupaka cheni mafuta kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Nilikuwa nimekipita kijiji cha Doma na kuingia hifadhi ya Mikumi, jua likizama, nikasikia mlio kama bati linapasuka. Injini ikanguruma huku mwendo ukiisha mpaka nikasimama. Cheni ilikuwa imelala barabarani nyuma yangu, na mbele, upande wa kushoto, walikuwepo tembo watano pamoja na ndama wao wakitaka kuvuka. Sikuthubutu kupiga honi. Nilijibanza nyuma ya pikipiki, roho mkononi, hadi dereva wa lori la kwenda Tunduma alipolisimamisha lori lake kati yangu na wale wanyama, kisha yeye na utingo wake wakaipakia pikipiki juu ya magunia. Mjini Mikumi fundi wa bodaboda aliamka usiku kunisaidia, lakini cheni zake zote zilikuwa namba 428 na yangu ni 525. Pingili za 428 ni fupi, hazikai kwenye meno ya sproketi yangu, lile gurudumu linaloshika cheni. Nilisubiri siku mbili cheni ije kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Dada wa Makambako: Pole sana, baba. Mungu ambariki dereva yule.

Fundi Shafti: Hii ndiyo sababu ninawaambia watu wachukue BMW R 1250 GS au Yamaha Super Ténéré 1200, ambazo zinaendeshwa kwa shafti, yaani mhimili wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Hakuna cheni, hakuna kupaka mafuta kila jioni.

Mpanda Kitonga: Ndugu yangu, shafti nayo ina beringi na sili za kuzuia oili isivuje, na zikiharibika Ruaha Mbuyuni utampata wapi fundi mwenye vifaa vyake? Cheni ya akiba inakaa ndani ya begi.

Fundi Shafti: Ni nadra beringi kuharibika ghafla kwa anayebadilisha oili yake kwa wakati. Mzee alikatikiwa na cheni kwa kukosa matunzo, wala si kwa bahati mbaya.

Kijana wa Njombe: Tusimlaumu mzee, amekiri mwenyewe. Ushauri wangu ni kutoingia Mikumi baada ya saa kumi jioni, pikipiki iwe ya cheni au ya shafti.

Mzee wa Mikese: Fundi amesema kweli, mwanangu, wala sijakasirika. Siku hizi chini ya kiti ninabeba kifaa cha kukatia cheni na viungo viwili vya kuungia cheni ya 525. Yeyote atakayekwama kati ya Morogoro na Mikumi aniandikie hapa, nitamletea kimoja.