Kuti au ukuti wa mnazi? Naomba ushauri kabla sijarudisha insha

Mwalimu wa Bara
Wanajukwaa, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi huku Tabora, mbali na minazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliyehamia kutoka Pangani ameandika insha kuhusu bibi yake: "Bibi aliketi barazani akichuna kuti moja moja ili apate chelewa za ufagio. Kuti zilizobaki alizifunga akaziweka." Mwenzangu ninayesahihisha naye amekata "kuti zilizobaki" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "makuti yaliyobaki", kisha akapunguza alama. Anasema kuti ni ngeli ya LI-YA, basi. Mimi naona mtoto anajua anachokisema, ila sina hoja ya kumwekea mwenzangu mezani. Karatasi zinarudi Jumatatu. Nisaidieni, hasa mliokulia pwani.

Binti Tanga
Mwalimu, mtoto yuko sahihi kabisa. Hapo kuna maneno mawili. Kuti, wingi makuti, ni lile jani zima la mnazi, lenye uti mrefu katikati. Likianguka usiku nyumba nzima inashtuka. Ukuti, wingi kuti, ni kijani kimoja chembamba kati ya vile vingi vilivyojipanga huku na huku kwenye uti huo. Kwa hiyo kuti limeanguka ni jani zima, kuti zimeanguka ni vile vijani vyembamba. Chelewa nazo ni vijiti vinavyopita katikati ya kila ukuti. Bibi hawezi kuzipata bila kuchuna kuti moja moja, na ndivyo mtoto alivyoandika. Mwenzako amebadilisha maana: sasa bibi amebakiwa na majani mazima ya mnazi, amerundika mzigo barazani!

Mkwezi
Naunga mkono. Sisi tunaokwea na kuangua nazi tunaheshimu sana kuti kavu. Bichi limeshika imara, kavu linaachia shina wakati wowote. Ndiyo maana kocha anayekaribia kufukuzwa huambiwa amekalia kuti kavu. Huwezi kukalia ukuti.

Mwana Kilifi
Naomba niongeze kidogo, maana kwetu mtu akisema makuti, wa kwanza kumjia akilini ni fundi wa paa. Kuti la kuezekea si jani zima kama lilivyotoka mtini. Watu huchukua kuti (hizo za ukuti), wakazikunja juu ya kijiti na kuzishona zikabana, ndiyo makuti ya viungo. Makuti ya kumba ni mengine: hapo jani lenyewe husukwa, na mengi huishia kwenye ua. Kwa hiyo, mwalimu, usimwambie mwenzako kwamba kuti ni jani zima na hakuna zaidi. Akija huku kununua makuti ya paa, atashangaa.

Mpenda Sarufi
Hoja ya mezani hii hapa: ukucha. Wingi wake ni kucha, kucha zako. Lakini makucha ya simba je? Umoja wake ni kucha, kucha la simba, na ni kubwa kuliko ukucha wa mtu. Ukuti na kuti wanakwenda njia hiyohiyo, kidogo U-ZI, kikubwa LI-YA. Tahadhari moja: usitumie "kuti kavu" peke yake kama ushahidi wa ngeli. Kivumishi -kavu hapo hakibadiliki, iwe kuti hili kavu au kuti hizi kavu. Kinachoamua ni kitenzi na kionyeshi. Mtoto ameandika zilizobaki, alizifunga, akaziweka. Mara tatu, bila kuyumba. Huyo hajakosea kwa bahati mbaya, ni lugha ya nyumbani kwao.

Mwalimu wa Bara
Nashukuru sana, ndugu zangu. Hapo kwenye ukucha ndipo mwenzangu atakaposhikika. Ila ni mkubwa wangu kiumri, na kwa sarufi hata mimi namwamkia. Nianzeje?

Mama Mkwe
Usianze na sarufi, baba. Mwamkie, kaa naye mkiwa wawili tu, mwombe akuchoree jani la mnazi kisha akuonyeshe kitu ambacho bibi anakichuna. Atatafuta jina la kile kijani kimoja, nawe umpe: ukuti. Wingi wake atautoa mwenyewe. Alama azirudishe kwa mkono wake, karatasi isije ikabeba wino wa walimu wawili wanaopingana.

Binti Tanga
Mama kasema vizuri. Nami naomba, karatasi ikirudi, mwite huyo mtoto awaeleze wenzake ukuti ni nini. Darasa zima hapo Tabora, huenda ni yeye pekee aliyewahi kuuchuna.

Kijana wa Pemba
Swali dogo tu kabla uzi haujafungwa: na ukindu je? Huo wa kusukia mikeka.

Mpenda Sarufi
U-ZI vilevile. Ukindu umekauka, kindu zimekauka. Mti wake mkindu.