Mrejesho: ile ishu ya barabara za mitaa na mgao wa kodi

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwa nini baraza la jiji linajadili barabara za mitaa na mgao wa kodi kwenye kikao kimoja, mi nikaona wanachanganya madesa tu.

Basi nikaenda kusikiliza mwenyewe, kumbe vinaendana. Kodi ya mauzo inabaki pale duka lilipo, ila mteja katoka mji wa jirani na lori la mzigo linapita barabara ya mji mwingine kabisa, sasa viraka alipe nani? Ndo wanataka miji igawane hiyo kodi, shida ikawa igawane kwa idadi ya watu, kwa urefu wa barabara au kila mmoja abaki na alichokusanya, hapo walivutana mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mliosema malori ndo yanaharibu barabara mlikuwa sahihi. Injinia kasema ekseli (ule mhimili wa magurudumu) ikibeba mzigo mara mbili uharibifu unakuwa kama mara 16, kanuni iliyotokana na majaribio ya Marekani ya 1958 hadi 1960. Yaani vigari vyetu vinasingiziwa bure!

Na yule aliyesema mitaro kwanza, heko mkuu, maji yakituama yanalainisha udongo wa chini na lami inapasuka tu hata uimwage nene vipi.

Matokeo: barabara yetu imepita, wanaanza na mitaro lami baadaye. Mgao umerudishwa kamati ya fedha, na mnajua wenyewe mambo ya kamati.