Msaada: nataka kuchonga mpini wa mbao wa wembe wa kukunja

Mwana_Pangani: Wakuu, habari za jioni. Babu ameniachia wembe wake wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, umegongwa muhuri wa Solingen, ule mji wa visu Ujerumani. Chuma bado kizima, ila mpini umepasuka. Ni plastiki ya rangi ya asali, imeingia ukungu na inanuka kafuri. Nataka nichonge mpya wa mbao kwa mkono. Nina msumeno mdogo, tupa, drili na msasa. Fundi mmoja kaniambia mpingo, mwingine kasema mpingo utanitesa. Na zile pini nazitoaje bila kuvunja wembe?

Mzee wa Jiliwa: Hiyo plastiki ni seluloidi. Ikianza kuoza inatoa mvuke wa asidi, ndiyo maana nyembe nyingine unazikuta zimeliwa na kutu pale pale zilipolala ndani ya mpini. Zitenganishe leo leo, na mpini usiukaribishe kwenye moto, unashika kama petroli. Pini usichokonoe kwa bisibisi. Zungushia makali selotepu kwanza, kisha lisha tupa kichwa cha pini upande mmoja mpaka kiishe, ndipo uisukume kwa msumari uliokatwa ncha. Umbo la mpini na matundu yake chora kwenye kadibodi kabla hujautupa.

Kinyago Cheusi: Mpingo bwana, usibabaishwe. Nenda kwa wachongaji pale Mwenge, Dar, uliza vipande vinavyobaki. Mti unazama majini huo, ukiupiga msasa laini unang'aa wenyewe bila vanishi. Ila vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Una mafuta pia, kwa hiyo kabla ya gundi ufute kwa asetoni, la sivyo epoksi itabanduka.

Binti Seremala: Kwa mtu anayeanza na drili ya mkononi? Mimi nasema mninga. Ukishakauka umetulia, hauvimbi wala kusinyaa ovyo, na tupa inaukubali. Pasua vibao viwili vya milimita 3, vibandike pamoja kwa selotepu ya pande mbili, halafu toboa na ukate vikiwa vimeshikana. Matundu yakipishana hata kidogo, wembe utakaa upande.

Dogo Janja wa Kona: Wazee walikuwa wanatumia pembe ya ndovu 😂

Binti Seremala: Nenda nayo kituoni ukawaeleze hivyo hivyo. Anayetaka pembe aende machinjioni akaombe ya ng'ombe, inafaa na nyembe nyingi za zamani zilivalishwa hiyo.

Mzee wa Jiliwa: Mmeng'ang'ana na mti, kumbe kazi iko kwenye kabari. Kule mkiani vibao vinatenganishwa na kabari ndogo. Ukiikosea, vibao vinapinda na makali yanakula mbao kila ukifunga. Usiribiti kwanza, yaani usigonge pini za kudumu. Funga kwa skrubu ndogo zenye nati, kunja wembe, uutazame kwa juu kwenye mwanga: makali yakae katikati, yasiguse kibao chochote wala kabari yenyewe. Hayajakaa sawa, fungua, isugue kabari kidogo, ufunge tena. Hapo usiwe na haraka.

Ukiridhika, chukua kijiti cha brasi cha milimita 1.6. Kiache kichungulie kidogo tu juu ya washa (kile kijipete kinachokaa chini ya kichwa cha pini), kisha gonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi mengi. Ukipiga kwa nguvu pini inavimba ndani na kibao kinapasuka. Wembe ufunguke kwa ukinzani kidogo, usining'inie.

Mwana_Pangani: Shikamoo mzee, nimekusoma. Naanza na mninga, mpingo baadaye. Mafuta ya kupaka, ya alizeti yanafaa?

Mzee wa Jiliwa: Marahaba. Hayafai, hayakauki vizuri, yatanata mkononi.

Binti Seremala: Tumia ya kitani, tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine, na upake kabla ya kuribiti. Paka na upande wa ndani, watu wanausahau, ndiko maji yanakojificha na chuma hicho kinashika kutu upesi. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa kwenye ndoo, kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikauke.